Maswali na Majibu: Wahenga Hawatoi Ushahidi

Barua za mwezi huu nyingi zimetoka kwa walimu wa Kiswahili wa Nairobi, na karibu zote zinalia kilio kimoja: mwanafunzi anadai, hathibitishi. Tumechagua saba. Swali la kwanza limepewa nafasi kubwa kwa sababu ndilo linalobeba mengine.

Nafundisha Kidato cha Pili huku Kayole, darasa la wanafunzi 62. Niliwapa insha ya hoja: "Marufuku ya mifuko ya plastiki imefaulu. Jadili." Zaidi ya nusu walianza na "Wahenga hawakukosea waliponena..." Waliobaki wakaandika "utafiti unaonyesha", na hakuna aliyetaja utafiti wowote. Nianzie wapi? (Mwalimu, Kayole)

Mwalimu, anzia hapo hapo kwa wahenga. Mtoto huyu amesifiwa miaka yote ya shule ya msingi kwa kupachika methali, kwa hivyo ukimwambia tu "thibitisha" atakuletea methali nyingine. Andika ubaoni methali mbili: "Umoja ni nguvu" na "Wapishi wengi huharibu mchuzi". Uliza ipi ni ya kweli. Watagawanyika, watabishana, na baada ya dakika tano kuna mmoja atakayesema, "Inategemea, Mwalimu." Hapo umefika. Methali mbili zinazopingana haziwezi kuamua kesi, kwa hiyo methali ni dai lililopambwa, nalo linangoja kuthibitishwa kama madai mengine. Rudia na "Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo" dhidi ya "Mtoto wa nyoka ni nyoka". Dakika kumi zinatosha. Usiwakataze methali kabisa, wataona unaichukia lugha yao. Waambie tu kwamba katika insha ya hoja methali hukaa mlangoni, haipandi kizimbani.

Sasa aya. Usiwape insha nzima kwa wiki mbili za kwanza. Wape aya moja ya mistari sita au saba yenye viungo vitatu: dai, ushahidi, na sentensi inayofunga ushahidi huo kwenye dai. Hiyo ya tatu tuiite fundo. Walimu wengi hufundisha mbili za kwanza na kuacha fundo, wakidhani tarakimu ikishawekwa imejieleza. Haijielezi. Tazama aya hii, ya aina ambayo bila shaka unayo mezani:

*"Marufuku ya mifuko ya plastiki imefaulu sana. Serikali ilipiga marufuku mifuko hiyo kuanzia tarehe 28 Agosti 2017. Mtu akipatikana nayo hutozwa faini kubwa. Kwa hivyo siku hizi mazingira ya Nairobi ni safi."*

Sentensi ya pili ni kweli. Ya tatu nayo ni kweli: faini iliyotangazwa ilifika shilingi milioni 4. Lakini zote mbili zinathibitisha kwamba sheria ipo. Hazisemi lolote kuhusu kama imetiiwa. Kisha "kwa hivyo" linaruka kutoka mifuko hadi mazingira yote ya jiji. Marufuku ya 2017 ilihusu mifuko ya kubebea bidhaa na ile bapa isiyo na mikono. Chupa za plastiki hazikuguswa. Basi inawezekana kabisa majuala yametoweka na mtaro bado umeziba.

Mfundishe mwanafunzi maswali mawili ya kujiuliza kabla ya kutafuta ushahidi wowote: *Dai langu likiwa kweli, ningeona nini? Likiwa uongo, ningeona nini?* Kwa mada hii jibu liko nyuma ya ua wa shule. Pima mita 50 za mtaro kwa kamba. Gawa darasa katika makundi ya watu sita au saba, kila kundi na kipande chake cha mtaro. Mmoja anaandika, wawili wanahesabu kwa kuonyesha na kijiti, wengine wanahakiki. Hakuna kuokota kwa mkono, maana mitaro yetu ina sindano na vigae. Wahesabu kwa mafungu: mifuko ya kubebea, chupa, karatasi za biskuti na peremende, na visivyo plastiki. Dakika ishirini. Wakirudi darasani, jumlisheni ubaoni. Aya iliyorekebishwa inaweza kuwa hivi (tarakimu ni za mfano, darasa lako litapata zake):

*"Marufuku ya 2017 imepunguza mifuko ya kubebea bidhaa, lakini haijaondoa plastiki mitaani. Katika mita 50 za mtaro ulio nyuma ya shule yetu tulihesabu vipande 84 vya taka: karatasi za biskuti na peremende 38, chupa za plastiki 31, mifuko ya kubebea 3, na vitu 12 visivyo plastiki. Mtaro mmoja hauwezi kulisemea jiji zima, ila katika eneo letu karibu plastiki yote iliyobaki ni ya vitu ambavyo marufuku hiyo haikuvigusa."*

Sentensi ya mwisho ndiyo fundo. Ona inavyofanya kazi mbili: inasema tarakimu zina maana gani, na inaweka mpaka wa maana hiyo.

Lakini aya hii bado ina tundu, na ni vyema uliache wazi walione wenyewe. "Imepunguza" kutoka ngapi? Mtaro haukuhesabiwa mwaka 2016. Mifuko 3 ya leo haiwezi peke yake kuthibitisha kwamba zamani ilikuwa 30. Mwanafunzi akiligundua hilo, ana njia mbili. Aidha ateremshe dai lake: "Mifuko ya kubebea ni michache kuliko chupa." Au amtafute shahidi: mwenye duka aliyekuwa akiuza mtaani kabla ya Agosti 2017, aulizwe alikuwa akinunua pakiti ngapi za mifuko kwa wiki, na maneno yake yaandikwe kama alivyoyasema. Kipindi kimoja cha kubishana juu ya neno "imepunguza" kina faida kuliko insha tano zilizosahihishwa kwa kalamu nyekundu.

Kwa kipindi maradufu cha dakika 80 gawa hivi: methali 10, kuchambua aya mbovu ubaoni 15, mtaroni 20, kuandika 25, kusomeana 10. Wakati wa kusomeana, jirani apige mstari mmoja chini ya dai, miwili chini ya ushahidi, na wa mawimbi chini ya fundo. Asiyepata mahali pa kupiga mawimbi ameshaona kosa la mwenzake, na lake pia.

Shule yetu ya sekondari msingi iko Mukuru. Hatuna maktaba, intaneti ni ya simu yangu. Huo ushahidi nitautoa wapi kwa Gredi ya 8? (Mwalimu wa Kiswahili na Mafunzo ya Kijamii)

Tengeneza pakiti ya ushahidi: ukurasa mmoja wenye vipande vinne vifupi juu ya mada moja, unakili nakala moja kwa kila wanafunzi watatu au uuandike kwenye karatasi kubwa ubandike ukutani. Watoto wa umri huo wakiachiwa "nendeni mkatafute" hurudi mikono mitupu, au na kurasa nne walizonakili bila kusoma. Ukiwapa pakiti, muda wote unaenda kwenye kazi yenyewe, ambayo ni kuchagua na kufunga.

Vipande vichanganye aina. Chukua mada ya maji mtaani. Kipande cha kwanza kiwe Katiba ya 2010: Kifungu cha 43 kinampa kila mtu haki ya maji safi na salama ya kutosha. Cha pili kiwe tarakimu rasmi: sensa ya 2019 ya Shirika la Takwimu, KNBS, ilihesabu wakazi 4,397,073 katika Kaunti ya Nairobi. Cha tatu, habari fupi ya gazeti la Kiswahili uliyoikata, pamoja na tarehe yake. Cha nne kikusanywe na wanafunzi: bei ya mtungi wa lita 20 kwa wauzaji watatu tofauti, kwa siku tatu, ikiwa na siku moja ambayo mfereji umekauka. Hizo ni bei tisa kwa kila kundi, na hakuna kitabu kilicho nazo.

Hakikisha kipande kimoja ni mtego, cha kweli na cha kuvutia lakini kisichohusu dai. Idadi ya wakazi wa Nairobi ni mtego mzuri hapa. Karibu kila mtoto atataka kuitumia kwa sababu ni kubwa na imetoka serikalini, na wachache tu watauliza inathibitisha nini kuhusu bei ya mtungi.

Wakishazoea, walete kipande chenye sampuli. Mwaka 2007 Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa, UNEP, lenye makao yake Gigiri, lilichapisha uchunguzi kuhusu jaa la taka la Dandora. Watoto 328 wa karibu na jaa walipimwa, na karibu nusu yao walikuwa na madini ya risasi kwenye damu ya kiwango cha mikrogramu 10 au zaidi kwa desilita, kilichohesabiwa wakati huo kuwa cha hatari. Andika tarakimu hizo ubaoni, halafu waandike sentensi tatu zinazoweza kusemwa kutokana nazo na tatu zisizoweza. "Nusu ya watoto wa Nairobi wana sumu mwilini" itajitokeza, niamini. Uliza: walipimwa wapi? Walikuwa wangapi? Mwaka gani? Jaa lenyewe lilitangazwa kujaa mwaka 2001, na taka ziliendelea kumwagwa. Hilo mwanafunzi anaweza kulitumia, mradi asilichanganye na matokeo ya damu.

Kila ushahidi uingie kwenye kadi, robo ya karatasi ya A4, mistari minne tu: *nani kasema, wapi na lini, maneno au tarakimu yenyewe, inathibitisha nini na haithibitishi nini.* Darasa la watoto 60 wenye kadi nne kila mmoja linatumia karatasi 60. Kadi isiyo na mstari wa pili hairuhusiwi kuingia kwenye insha. Kuwa mkali hapo, huo ndio mstari wanaouruka.

Siku ukipata ruhusa na nauli, peleka kundi dogo Maktaba ya McMillan katikati ya jiji, au matawi yake ya Kaloleni na Makadara ambayo kwenu si mbali. Hifadhi ya Kumbukumbu za Kitaifa iko Moi Avenue. Nenda na swali moja lililoandikwa, si "kuona maktaba".

Wanafunzi wangu wana ushahidi lakini lugha yao inaharibu. Mmoja aliona matatu moja imebeba watu kumi na saba, akaandika: "Matatu za Nairobi huvunja sheria na kuua watu." Nimweleze vipi bila kumkatisha tamaa? (Mwalimu, Umoja)

Kosa liko kwenye silabi moja: *hu-*. Kiswahili kimetupa kiambishi cha mazoea kisicho na wakati wala idadi, na ni kitamu mno kalamuni. *Huvunja* ina maana ya kila siku, kila mahali, kama desturi. Alichokiona kinambebea *-li-* tu: "Matatu niliyopanda ilibeba abiria 17 ilhali imesajiliwa kubeba 14." Sentensi hii ni ndogo na haina makelele, lakini hakuna anayeweza kuipinga.

Fanya zoezi la kupanda ngazi. Andika ubaoni kutoka chini kwenda juu: *moja ... baadhi ... nyingi ... aghalabu ... hu- ... zote*. Mwanafunzi anasimama chini na matatu yake moja. Darasa linamwuliza: ili upande hadi "baadhi", unahitaji ngapi? Tatu au nne, labda. Hadi "nyingi"? Hapo lazima aseme nyingi kati ya ngapi. Akikaa kituoni nusu saa, akahesabu matatu 40 na kukuta 23 zimezidisha, ana haki ya kuandika "zaidi ya nusu ya nilizohesabu". "Zote" hatulifikii kamwe, na ni vizuri waone hivyo.

Halafu kuna vitenzi vya kuripoti. Wengi wanabadilisha *alisema, alidai, alithibitisha, alikiri* ili tu wasirudie neno, kama walivyofundishwa kwenye msamiati. Katika insha ya hoja kila kitenzi kina bei yake. Ukiandika "waziri alidai" umeshamtilia shaka. "Alikiri" ina maana alikuwa akificha. "Alithibitisha" ina maana wewe mwandishi unakubali kwamba jambo limekwisha. Asiyejua achukue upande gani na atumie *alisema* au *kwa mujibu wa*, na hapana ubaya kulirudia. Tunajua mafunzo ya insha za kubuni hayapendi marudio, lakini afadhali urudie "alisema" mara nne kuliko kumwita mtu mwongo bila kukusudia.

*Inasemekana* piga marufuku kwa muhula mzima. Neno hilo liliumbwa kumficha msemaji. *Utafiti unaonyesha* liruhusu, ila na jina na mwaka mbele yake.

Na kwa kuwa mada ni matatu, mtego mmoja zaidi. Kanuni zinazoitwa za Michuki, kwa jina la John Michuki aliyekuwa waziri wa uchukuzi, zilizotolewa 2003 na kuanza kutekelezwa Februari 2004, zilileta mikanda ya usalama na vidhibiti mwendo vya kilomita 80 kwa saa. Mwanafunzi ataandika kwamba zilileta utulivu barabarani *kwa sababu* utulivu ulikuja *baada* yake. Mtake aorodheshe mambo mengine yaliyokuwa yakitokea miezi hiyo hiyo: misako ya polisi, magari kuondolewa barabarani yakarekebishwe, mgomo wa wenye magari. Baada ya hapo achague: ana ushahidi wa "kwa sababu ya", au ana "baada ya" tu? Mara nyingi ana "baada ya", nayo inatosha kuandikwa.

Mimi ni mzazi. Binti yangu yuko Kidato cha Tatu, Kasarani. Alizoea alama 17 kwa 20 kwa msamiati wake mzito. Mwalimu mpya anataka "ushahidi" na sasa anapata 11. KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, itamwadhibu au itamsaidia? (Mama wa mtahiniwa)

Mama, itamsaidia, ila si kila mahali kwa kiasi kimoja. Karatasi ya 1 ya Kiswahili ina insha mbili za alama 20 kila moja kwa saa 1 na dakika 45, na ya kwanza ni ya lazima. Akichagua insha ya kisa au ya methali, msamiati na ubunifu wake bado ni mali. Akipata ripoti, hotuba au mjadala, mtahini anatafuta hoja zilizokuzwa, na hoja inayotajwa tu kisha ikaachwa hewani haipati alama za hoja iliyofafanuliwa. Alama 16 hadi 20 ndizo za kiwango cha A. Yeye yuko 11, mwanzo wa B.

Ambapo ataona faida waziwazi ni Karatasi ya 3, Fasihi, yenye alama 80. Swali likisema "thibitisha" au "jadili kwa kurejelea hadithi", kutaja sifa ya mhusika bila tukio linaloionyesha ni nusu ya kazi. Msaidie nyumbani hivi: akikwambia mhusika fulani ni mbinafsi, muulize "umejuaje?" mara moja tu, halafu nyamaza umsikilize.

Mwombe pia mwalimu asimfutie lugha yake nzuri. Ushahidi haudai lugha kavu.

Nasahihishaje insha za aina hii kwa darasa la 62? Nina madarasa matatu. (Mwalimu, Embakasi)

Husahihishi zote. Insha moja ikikuchukua dakika 8, darasa moja ni zaidi ya saa 8, na una matatu.

Sahihisha fundo peke yake. Wanafunzi wameshapiga mistari ya mawimbi, nenda moja kwa moja kwenye mawimbi, soma sentensi hiyo na ile iliyo juu yake. Sekunde 90 kwa daftari, saa moja na nusu kwa darasa. Tumia herufi pambizoni badala ya maoni marefu: Ch kwa chanzo hakipo, F kwa fundo halipo, R kwa dai limeruka kuliko ushahidi, M kwa ushahidi ni wa kweli lakini wa mada nyingine. Sarufi iache siku hiyo. Itakuwasha mkono, lakini iache. Mwanafunzi akiona masahihisho thelathini ya sarufi na F moja, atarekebisha sarufi.

Daftari sita za kila darasa zisome kikamilifu kila wiki kwa zamu. Ndani ya muhula wa wiki kumi na moja au zaidi kila mmoja atakuwa amefikiwa.

Mwanafunzi wa kutwa ameniletea insha safi mno, yenye "utafiti wa mwaka 2019 wa wataalamu wa afya" na asilimia. Nashuku akili unde (AI) kwenye simu ya mzazi. Nifanyeje? (Mwalimu, Kawangware)

Usianze na kesi. Usafi wa insha si ushahidi wa udanganyifu, na ukimshtaki kwa kuona tu kwamba "imezidi uwezo wake" umefanya kosa lile lile unalomkataza. Muulize swali la kadi: nani, wapi, lini, tarakimu yenyewe. Programu hizi huunda sentensi zinazofanana na kweli, na hutaja tafiti ambazo hazipo kwa utulivu ule ule zinavyotaja zilizopo. Ni rahisi kuzinasa kwa sababu chanzo chake hakifikiki. Kama mwanafunzi hawezi kukupeleka kwenye ukurasa, ushahidi unafutwa, na insha inasahihishwa kana kwamba haukuwepo. Hiyo ndiyo adhabu, na ni ile ile kwa aliyetumia simu na aliyebuni kwa kichwa chake.

Kinga ni ya ratiba. Kadi zijazwe darasani kwa mkono, uzikusanye, uziweke sahihi ya herufi mbili, kisha insha iandikwe kutokana na kadi hizo tu. Mada pia ichague karibu na mlango: mtaro wenu, bei za mtungi kwenu, foleni ya kantini. Simu haijahesabu mtaro wa Kawangware.

Ukipata insha ya programu yenye chanzo bandia, ifute jina na uitumie kama somo. Waambie watafute utafiti uliotajwa, wape kipindi kizima. Kurudi mikono mitupu kutawafundisha zaidi ya onyo lako.

Swali fupi. Wanafunzi humaliza kwa "Kila jambo lina faida na hasara" na kukaa katikati. Tena wengine huweka ushahidi mpya kwenye hitimisho. Inakubalika? (Mwalimu wa zamu, Ngara)

Ushahidi mpya kwenye hitimisho, hapana. Kama ni mzuri, una aya yake mwilini. Kama si mzuri, hitimisho haliwezi kuuokoa.

Kuhusu kukaa katikati, tofautisha aliyepima na aliyekwepa. Aliyepima anaweza kutaja ushahidi mmoja wa upande wa pili uliomtikisa, na kusema kwa nini bado haujamshinda au kwa nini umemshinda. Mtake auandike kwa nguvu zake zote, aya nzima, kabla ya hitimisho. Wengi huandika upande wa pili kwa mstari mmoja dhaifu ili waupige kofi, na hilo mtahini hulinusa haraka.

Hitimisho lenyewe liwe sentensi mbili au tatu: nimeegemea wapi, nina uhakika kiasi gani, ni ushahidi gani ungenifanya nibadili msimamo. "Hatimaye, ningependa kukamilisha insha yangu kwa kusema" ni maneno saba ambayo hayajasema kitu. Yakatwe.